Sahani za Munje Nilizozisugua Mno

Nitasema wazi tangu mwanzo: katika pwani hii yote ya kusini, kutoka Diani mpaka Lunga Lunga, sijamwona mtu wa kunishinda kuosha vyombo. Wapo waliosoma, wapo waliohiji, wapo waliojenga nyumba za mawe. Mimi darasani nilikaa msimu mmoja, mvua zikanyesha, nikaitwa shambani, basi. Herufi nimejifunza ukubwani, na hizi mnazosoma nimezipanga mwenyewe. Lakini sahani! Sahani naijua mbele na nyuma, na hiyo nyuma yake nusura inivunjie ndoa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, nami sijatimiza hata mwaka tangu niolewe Munje. Kwetu ni upande wa Kinango, kwenye ukame. Mume wangu alikuja mnadani kununua mbuzi, akanunua wanne, na baada ya wiki mbili akarudi na wazee wake kuniposa. Sikumuuliza habari ya mali wala nyumba. Nilimuuliza jambo moja tu: kisima kiko wapi? Akasema kiko nyuma ya jiko. Nikakubali.

Msicheke. Kwetu maji tulikuwa tukiyafuata nusu siku, na debe likifika nyumbani linalindwa kuliko ndama. Vyombo hatukuviosha kwa maji, tuliviosha kwa mikono. Kwanza mchanga mkavu na nyasi, unasugua mpaka bega linauma. Halafu jivu, unasugua tena. Halafu unapangusa. Mwisho kabisa ndiyo unachota maji nusu kata, unayamwaga kwenye sahani ya kwanza, ya kwanza inaimwagia ya pili, ya pili inaimwagia ya tatu, mpaka vyombo vyote vimepita, na yanayobaki wanakunywa kuku. Mama yangu alikuwa akipitisha kidole kwenye sufuria. Kidole kikitoka na alama ya masizi, unarudia, na maji mengine hupewi.

Munje nikakuta dunia nyingine. Wanaroweka! Wanasuuza mara tatu! Wanachukua kumbi la nazi, wanalipitisha juu juu kama wanambembeleza mtoto, wanamwaga maji ya kumtosha ng'ombe, kisha wanavipanga vyombo juu ya uchanja, kile kitanda cha miti cha kukaushia, na kazi imekwisha. Sheria zao zilikuwa nyingine. Chombo cha samaki hakikutani na kikombe cha chai, kwa sababu ya shombo. Kijiko si cha kila mtu: nyumba nzima ilikuwa na vijiko vitatu, vimo ndani ya kopo juu ya kabati, vinatoka kwa mgeni au kwa mgonjwa anayekunywa uji. Na usiku hakilali chombo kichafu. Hizo nilizishika kwa siku moja. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mrefu, mkali, na hakurudia neno.

Sasa, huyo mama mkwe alikuwa na cheo ambacho hakikuandikwa popote. Ikiwa kuna harusi kijijini, yeye ndiye aliyeazima vyombo. Hakuna nyumba iliyokuwa na sahani za kulisha watu mia. Kwa hiyo vinakusanywa nyumba kwa nyumba, na wanawake walimpa yeye na si mwingine, kwa sababu tangu aanze kazi hiyo haikuwahi kupotea hata kata. Alijivunia jambo hilo kuliko mashamba yake ya minazi.

Ikafika harusi ya wifi yangu, bintiye wa mwisho. Nikatumwa mimi na kikapu kupita nyumba kumi na mbili. Shikamoo hapa, marahaba pale, napewa sahani tano, napewa nane, napewa bakuli, najitwika. Na jamani, sahani zenyewe za bati! Ndani nyeupe, nje safi, lakini ukizigeuza nyuma, uchafu mtupu. Hii ina tone la lami. Hii ina mistari miwili myekundu. Hii ina kitu cha kijani kama kinyesi cha ndege. Nikasema moyoni, watu hawa wana kisima mlangoni na sahani zao zina lami matakoni! Ngojeni. Ngojeni harusi iishe niwaonyeshe mwanamke wa Kinango anavyoosha chombo.

Harusi ilifana. Wali wa nazi, pilau, mchuzi wa mbuzi, watu walikula mpaka wakakaa kimya. Asubuhi yake baada ya sala ya alfajiri, wenzangu wote wamelala kwa uchovu, nikatoka peke yangu. Vyombo vilikuwa vimesuuzwa na kurundikwa uani, mlima mzima, vinangoja kuoshwa vizuri. Nikaleta karai la mchanga. Nikaleta karai la jivu. Nikafunga kanga kiunoni.

Nikasugua! Lo, nilisugua siku ile! Lami ilikuwa ngumu, nikaipaka mafuta ya nazi na jivu, nikaiacha ilegee, nikairudia kwa mchanga. Ile rangi nyekundu ikatoka kama ngozi ya nyoka. Kila sahani niliyoimaliza niliigeuza juani, inamulika, naipanga. Jua lilipopanda juu ya mikorosho, uchanja wote ulikuwa unawaka kama fedha. Nikasimama kando, mikono imechubuka, nikamngoja mama mkwe atoke.

Akatoka. Akashika mdomo.

"Mashallah! Mwanangu! Haya yote umeyafanya wewe?"

"Mimi, mama. Peke yangu."

Akachukua sahani moja, akajitazama usoni kama kwenye kioo, akacheka. Akaigeuza. Kicheko kikakatika. Akachukua ya pili, akaigeuza. Ya tatu. Ya kumi.

"Alama ziko wapi?"

"Alama gani, mama?"

"Za nyuma."

"Ule uchafu? Nimeutoa wote. Ulinisumbua, lakini nimeutoa."

Akakaa juu ya kinu kilicholazwa chini. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akanieleza polepole, kama mtu anayemsomea mwingine barua ya msiba. Mistari miwili myekundu ni nyumba ya fundi seremala. Tone la lami ni nyumba ya kando ya msikiti. Ile rangi ya kijani ni nyumba ya mwenye mashua, ilibaki walipopaka mashua yao. Kila nyumba na alama yake, na ndivyo vyombo vinavyorudi kwa wenyewe bila ugomvi. Sasa sahani sitini na kitu zilikuwa mbele yetu, nyeupe, safi, hazina mwenyewe.

"Wenye vyombo watakuja saa nne," akasema. "Nisikilize vizuri. Miaka yote hii hakijapotea chombo mkononi mwangu. Kikipotea kimoja leo, kimoja tu, mbele ya wanawake wote hawa, basi mimi nimekwisha, na wewe umekwisha. Kesho utapanda lori urudi kwenu. Mwanangu nitazungumza naye mimi."

Na mwanawe angekubali, nilimjua! Alikuwa amesimama nje ya ua siku ile, anasikia kila kitu, anajifanya anafunga kamba ya mbuzi. Kamba ile aliifunga saa nzima.

Kurudishwa kwa uvivu ningeelewa. Kurudishwa kwa ugumba, watu wanarudishwa. Lakini kurudishwa kwa usafi! Nimwambie baba yangu nini? Nimeosha mno? Nikaapa: sirudi Kinango mimi. Kisima kile nimekiolewea, sikiachi.

Wakaja. Hodi, karibu, shikamoo, wakakaa mikekani na vikapu vyao mapajani. Mama mkwe akawaambia ukweli, hakuficha, na hapo nilimheshimu. Uani pakalipuka.

"Ati amezifuta?"

"Zote?"

"Huko kwao hawajui alama?"

"Huko kwao hawajui sahani! Wanakula kwenye vibuyu!"

Wakazivamia. Huyu anavuta huku, yule anavuta kule. "Hii yangu!" "Yako ina ukingo mpana hivi?" "Wewe uliazimisha nne, mbona umeshika saba?" Mama mkwe amekaa kwenye kinu chake, mkono shavuni.

Mimi nikapanda juu ya karai lililogeuzwa, nikapaza sauti, mimi mke mgeni wa jana juzi mbele ya mama zangu: "Wekeni chini! Wekeni chini zote! Nazijua mimi!"

Wakaziweka, kwa mshangao zaidi kuliko kwa adabu.

Na nilizijua kweli. Siku ya kukusanya, hakuna mwanamke aliyenipa sahani akanyamaza. Kila mmoja alinipa na historia yake: itazame hii, imebanduka hapa, mtoto aliiangusha kisimani, usije ukasema mimi ndiye niliyeibandua. Walinieleza makovu yote ili wasisingiziwe. Mimi sikusoma, kwa hiyo nilichoambiwa sikuwa na pa kukiandika ila kichwani. Na asubuhi ile nilikuwa nimepitisha vidole hivi kwenye kila kovu.

Nikainua ya kwanza. "Hii imebanduka ukingoni kama mwezi mwandamo. Ni ya yule aliyeniambia ilirushwa, ikamkosa mumewe, ikapata ukuta."

Kisha mke wa seremala akaruka. "Lete hapa! Nilikwambia ukatangaze?"

"Shoga, ungelenga vizuri!" akasema mmoja kutoka nyuma. "Tumbo la mumeo lile, sahani isingeumia!"

Uani pakaangua kicheko. Nikaona upepo umegeuka, nikashika ya pili, ya tatu. Hii imebonyea katikati, mtoto aliikalia akidhani ni kigoda. Hii haitulii chini, inacheza kama imesikia ngoma. Hii ina tundu dogo limezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa na fundi wa Msambweni. Hizi sita hazina kovu hata moja, ni za yule aliyeolewa juzi, bado hajagombana na mtu. Kila nikitaja, mwenyewe anapiga kelele "Yangu!" na wenzake wanacheka, na aibu zake za nyumbani zinatoka pamoja na sahani yake. Sikubakisha. Jasho linanitiririka, naita, nagawa, naita, nagawa, kama dalali mnadani! Mpaka mikeka ikajaa mafungu kumi na mawili, na uchanja ukawa mtupu.

Mama mkwe akashusha mkono wake shavuni.

"Bado," ikasema sauti.

Alikuwa mke wa mchuuzi wa samaki, mwanamke mnene, mwenye ulimi. Alikaa na kikapu chake, hakuwa amecheka hata mara moja.

"Sahani zangu nimepata. Bakuli nimepata. Kombe langu kubwa la maua, lile pana la kupakulia wali, liko wapi?"

Tukatazama. Hapakuwa na kombe. Tukainua mikeka, tukatazama ndani ya makarai, jikoni, chini ya uchanja. Hapana.

"Labda ameliosha mpaka limeisha," akasema yule mchekeshaji wa nyuma, lakini safari hii hakucheka mtu.

"Wageni wa mume wangu wanafika na lori adhuhuri kutoka Lunga Lunga," akasema mwenye kombe. "Kombe lile ndilo la wageni. Mimi siondoki hapa bila kombe langu." Akamgeukia mama mkwe wangu. "Dada, nilikupa wewe. Sikumpa mwingine."

Mama mkwe alinitazama mimi. Kimoja tu, alikuwa amesema.

Nikafumba macho. Kombe la maua. Sikulisugua! Vidole vyangu havikupita hapo asubuhi ile, ningekumbuka maua. Kwa hiyo halikurudi tangu jana. Na jana... jana mchana mama mkwe mwenyewe alipakua pilau ndani ya kombe, akaifunika, akanituma kwa bibi mmoja mgonjwa wa miguu, anayekaa peke yake mwisho wa kijiji, upande wa mikoko. Mbona bibi hakulirudisha? Sikungoja kuuliza. Nilitoka mbio mpaka mume wangu akaachia kamba, mbuzi wakatawanyika.

Nilimkuta bibi amekaa kibarazani. Na kombe lile liko mapajani mwake! Limeoshwa, limepanguswa, linang'aa. Nikataka kulia kwa furaha.

"Shikamoo bibi, nimefuata kombe."

"Marahaba mwanangu. Utalipata. Kaa."

"Sikai, bibi. Wanalingoja."

"Kaa. Si tupu."

Nikatazama. Lilikuwa tupu kabisa.

"Kuku bado," akasema, akanyoosha kidole. Pembeni mwa kibaraza, ndani ya tenga, alikuwa amekaa kuku mmoja mwekundu. "Nimekula pilau ya harusi na nyama. Sirudishi chombo cha watu kitupu. Sijarudisha kitupu tangu niolewe, nianze leo na miguu hii? Jana hakutaga. Leo atataga."

Mnaona! Pwani chombo kikija na chakula, hakirudi mikono mitupu. Kwetu kilirudi kikavu na shukrani, basi, tulikuwa na nini cha kutia? Nikamwambia, bibi, tia ndimu, ule pale mti. Akasema ndimu zinaoza chini, si kitu hicho. Nikamwambia, tia chumvi. Akanitazama kama nimemtukana. Nikamwambia ukweli wote: alama, sahani, lori la kesho, Kinango.

"Mama mkwe wako akilipokea tupu," akasema, "watu watasema bibi fulani hana hata yai. Wewe una ndoa yako, mimi nina jina langu. Kaa, tumngoje."

Nikakaa. Nimwibie mgonjwa kombe mapajani? Nikakaa mbele ya kuku. Jua linapanda. Yule kuku akasimama, akajigeuza, akakaa. Akasimama tena, nikanyoosha mkono, akakuna shingo, akakaa. Nikamsemesha kwa lugha ya kwetu, labda haelewi Kiswahili. Nikamwahidi mtama. Bibi akasema, "Usimharakishe, atakasirika." Nikashika mdomo. Kwa mbali nikasikia kelele za uani kwetu, au nilidhani nimesikia.

Mara akainuka nusu, akatetemeka, akatulia. Kisha, lo! Akaruka nje ya tenga anapiga makelele kijiji kizima kisikie, kana kwamba yeye ndiye aliyechoka, si mimi! Bibi akatia mkono, akatoa yai la kahawia, la moto, akaliweka katikati ya maua ya kombe, akanipa kwa mikono miwili.

"Sasa nenda. Wasalimie."

Mmewahi kukimbia na yai kwenye kombe? Linazunguka kama mwendawazimu. Ukikaza mwendo linapanda ukingoni, ukipunguza adhuhuri inakufikia. Nilikimbia nimejikunja, macho yamo ndani ya kombe, miguu inajitafutia njia yenyewe kati ya mizizi ya mikorosho. Nikaingia uani kinyumenyume kwa kusukuma mlango kwa mgongo, na mwadhini alikuwa anakohoa kusafisha koo.

Wanawake walikuwa bado wapo, hakuna aliyeondoka, nani aondoke kwenye mambo kama yale! Nikampelekea mwenye kombe. Akalipokea, akaligeuza huku ameshika yai kwa mkono mwingine, akatazama maua yake moja moja.

"Na yai?"

"La bibi wa mikokoni. Alikuwa hajapata cha kutia. Tumengoja kuku."

"Mmengoja kuku?"

"Tumengoja kuku."

Yule mwanamke, ambaye hakuwa amecheka asubuhi yote, akaanza kutikisika. Tumbo kwanza, kisha mabega. Akacheka mpaka akakaa chini, ameshika yai juu lisivunjike, na wenzake wakapiga vigelegele kuliko vile vya harusi. Mama mkwe wangu peke yake hakucheka. Alisimama, akachukua ncha ya kanga yake, akanipangusa jasho usoni, nguvu nguvu, kama anasugua sufuria.

"Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, tuna harusi nyingine," akasema mke wa mchuuzi alipopata pumzi. "Dada, umri umekwenda. Mwache huyu akusanye. Huyu anazijua sahani zetu kuliko sisi."

"Na siri zetu!" akadakia mke wa seremala.

Mama mkwe akanigeukia. "Umesikia? Utakusanya?"

Mwingine angeinama akasema ndiyo mama, asante mama. Mimi bega lilikuwa linauma, viganja havina ngozi, na tangu alfajiri sijatia kitu tumboni. Nikasema, "Nitakusanya. Lakini kila mwenye kuazimisha sahani atakuja na mchanga wake, akae hapa, asugue pamoja nami. Peke yangu sisugui tena."

Wakatazamana. Mama mkwe akakunja uso, nikadhani nimeharibu kila kitu dakika ya mwisho. Kisha akasogeza kinu chake karibu na karai la jivu, akakaa, akakunja mikono ya gauni lake. Sufuria kubwa ya pilau ilikuwa bado pale, nyeusi tii chini, hakuna aliyeigusa.

"Basi tuonyeshe," akasema. "Mnaanza na mchanga, au na jivu?"